Miguu ya Bibi Itakaa Wapi

Bibi mmoja alikuwa amekaa chini jikoni anamenya maharage yaliyolala kwenye maji, sufuria iko katikati ya miguu yake, pale mama mmoja kutoka ng'ambo ya bonde aliposimama mlangoni. Hata mzigo wa kichwani hakuutua.

"Shikamoo bibi. Dada yako ametolewa hospitali. Wamesema arudi tu nyumbani."

"Marahaba. Amepona?"

Yule mama akaangalia pembeni. "Anakuulizia wewe."

Bibi hakulia. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza, maana watu wa nyumba ile walikuwa lazima wale. Kisha akamwita mwanawe aliyekuwa nje. "Mwanangu, nataka kumwona dada yangu akiwa bado ananitambua. Nipeleke."

Shauri lote lilikuwa hilo. Lishikeni vizuri, kwa sababu mbele kidogo mtachanganyikiwa kama alivyochanganyikiwa yule mwanawe.

Bibi aliwahi kuvunjika nyonga, ikaunga vibaya. Kanisani alifika kwa fimbo, zaidi ya hapo hapana. Gari lilikuwa halipiti tena, daraja limechukuliwa na maji, limebaki la mbao la kupitisha watu na pikipiki. Na bodaboda kiti chake kiko juu. Mara ya mwisho vijana wa kijiweni walimnyanyua kama gunia la mbolea, akapitiliza akaangukia upande wa pili. Akasema hapandi tena kitu cha kunyanyuliwa.

Mwanawe hakuwa mchoyo wala mvivu. Alikuwa amekwisha kuuza dume lake la ng'ombe ili anunue pikipiki, na akasikia mjini zipo pikipiki kubwa ambazo kiti kimeshuka chini na vishikio vimeinuka, dereva anakaa amejinyoosha kama yuko kwenye kochi. Wauzaji wanaziita kruza. Akasema, "Hiyo mama ataikalia bila kunyanyuliwa na mtu." Hapo mna neno la kumlaumu? Mimi sina.

Alizikuta mbili. Moja ilikuwa mpya dukani, kiti bado kina nailoni, ina waranti ya mwaka mzima. Ya pili ilikuwa ya mpima ardhi mmoja aliyepata uhamisho. Imetumika, lakini ni nzito, na pembeni ina mikoba mikubwa ya ngozi. Bei zilikaribiana. Akasema nitauliza watu wanaojua.

Akamuuliza fundi. Fundi akasema, "Chukua iliyotumika, mzee. Hizi mpya ni bati lililopakwa rangi. Ile ni chuma."

Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akasema, "Chukua mpya. Kununua kilichotumika ni kununua matatizo ya mwenzio."

Akaenda kwa fundi mwingine, akampeleka asikilize injini ya ile ya mpima ardhi. Yule akainamisha sikio, akakunja uso, akasema, "Inakohoa." Fundi wa kwanza alipoambiwa akacheka. "Inakohoa? Hiyo ndiyo sauti yake! Mwambie akae na bodaboda zake." Ndugu yake akapiga simu, akasema mpya vipuri vyake havipatikani. Muuza vipuri akasema vya ile ya zamani ndivyo havipatikani. Sasa hapo wewe ungemwamini nani?

Akanunua daftari, akapiga mstari katikati, huku mpya, huku iliyotumika, akawa anaandika. Daftari likazidi kujaa na yeye akazidi kutoelewa. Akafunga siku mbili, akaomba, "Bwana, nipe ishara. Ile itakayowaka kwa pigo la kwanza ndiyo yako." Akaenda dukani, ikawaka kwa pigo la kwanza. Akaenda kwa mpima ardhi, nayo ikawaka kwa pigo la kwanza.

Mnacheka. Kila jioni bibi alikuwa anamuuliza, "Umefikia wapi, mwanangu?"

"Bado nachunguza, mama. Sitaki nikupakize kitu kitakachokuangusha."

"Haya."

Yule mama wa ng'ambo akapita tena. Dada sasa anakunywa uji tu. Akapita mara ya tatu. Dada haongei sana, ila mlango ukilia anauliza, "Amefika?" Mkwe wa bibi akamwambia mumewe, "Baba, siku zinakwenda." Akajibiwa, "Ndiyo maana sitaki kukosea."

Wiki ya tano akapata wazo la mwisho. Akaomba pikipiki zote mbili ziletwe nyumbani Jumamosi moja, zisimame pamoja uwanjani, watu wazilinganishe. Mpima ardhi akaja na yake, kijana wa dukani akaja na mpya. Wanaume wa mtaa wakajaa. Huyu anabonyeza tairi, huyu anavuta mnyororo, huyu amelala chali anatafuta mafuta yanayovuja. Kelele tupu.

Bibi akatoka ndani. Amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba kwapani, fimbo mkononi. Akaenda kwenye ile iliyotumika, akaigeuzia mgongo, akajishusha kitini kama tunavyopanda sisi wote, upande, miguu yote miwili kushoto.

Miguu ikagonga ule mkoba wa ngozi. Hapakuwa na pa kukanyaga.

Akasimama, akaenda kwenye ile mpya. Kiti cha nyuma kilikuwa kidogo kama chapati na kimeinamia nyuma. Alipokaa akaanza kuteleza, wakamdaka.

"Miguu yangu itakaa wapi?" akauliza.

Mmoja akajitia kusaidia: "Bibi, si utanue tu, mguu mmoja huku, mmoja huku?"

"Na nyonga hii? Na nguo hii? Ningeweza kutanua, wewe, ningekwenda na bodaboda siku ile ile. Hapa mnatafuta nini wiki tano?"

Kisha akamgeukia mpima ardhi. "Baba, huu mkoba unatoka?"

"Unatoka, bibi. Ni boliti mbili."

"Utoe."

"Lakini mimi nimekuja kuuza, sikuja kubeba abiria."

"Utauza kesho. Leo nipeleke kwa dada yangu."

Spana ikaletwa. Boliti mbili zikafunguka, na nyuma ya mkoba kikaonekana cha kukanyagia, kizima kabisa. Bibi akakaa, akashika mkanda wa mpima ardhi, wakaondoka taratibu kuelekea darajani. Mwanawe akabaki katikati ya uwanja na daftari.

Sasa, akina mama, tusimcheke sana. Yule mtu alimpenda mama yake. Aliuliza mafundi, aliuliza mwalimu, alimuuliza Mungu kwa kufunga, na Mungu alikuwa amempa jibu siku nyingi, limelala chumba cha pili, linakula chakula cha sufuria moja naye. Hakumuuliza hata mara moja, "Mama, wewe unakaaje?"

Na sisi je? Tunawachagulia watoto mchepuo wa kusoma, tunamuuliza shangazi, tunamuuliza jirani mwenye mtoto chuoni, mtoto mwenyewe tunamwambia atoke nje watu wazima wanaongea. Baba mkwe anaumwa, tunakaa kikao: hospitali ya mkoa au ya misheni? Yeye yuko pale pale kwenye kiti, anasikia anavyozungumzwa kama hayupo. Halafu tunasema tumechanganyikiwa, tuombeeni. Tutaombewa, sawa. Lakini kabla hujaomba ishara, nenda kaulize. Ukiulizwa wewe ungependa, basi na mwenzio anapenda. Na uulize mapema. Yule dada alikuwa anamaliza siku zake wakati watu wanabishana kuhusu kikohozi cha injini.

Mtaniuliza mwishoni alinunua ipi. Sijui. Kusema kweli sijui hata ipi ilikuwa bora, na nadhani hakuna aliyejua.

Ninachojua ni habari ya jioni ile. Mwanawe, mkewe na watoto walivuka bonde kwa miguu, wakafika wamejaa matope mpaka magotini. Ndani wakamkuta bibi amekaa kitandani kwa dada yake, amemshika kichwa, anamnywesha uji kwa kijiko. Mpima ardhi naye alikuwa amezuiwa, haondoki bila kula. Ugali ukaletwa, na mboga, na maziwa ya mgando. Wa nyumba ile walikuwa hawafunui chungu kabla mkubwa wa nyumba hajahesabu watu, na mkubwa alikuwa yule mgonjwa. Akafumbua macho, akawapitia mmoja mmoja kwa kidole, polepole, kuanzia mtoto wa mwisho mpaka mgeni. Mwisho akamfikia mdogo wake aliye pembeni yake, akamgusa shavu.

"Tumetimia," akasema. "Funueni."