Kiti cha Bwana Afya

Wapendwa, tuseme palikuwa na mtangazaji wa redio katika mji mdogo, mji wa soko moja na stendi moja. Kwa miaka tisa kipindi chake cha asubuhi kilitangaza bei ya mahindi, mgao wa maji na ng'ombe waliopotea. Bei hakuipokea kwa simu. Alipita sokoni mwenyewe, akauliza debe kwa debe. Watu walimwamini. Mama yake, aliyeishi kijijini kando ya mto, hakushika jembe kabla ya kumsikia.

Ila simu za wasikilizaji zilikuwa chache. Nani atapiga simu kubishana na bei ya mahindi?

Kisha kipindupindu kikaingia wilayani. Vikagawiwa vidonge vya kusafisha maji, na bwana afya akaalikwa studio avieleze. Saa ikafika, bwana afya hakuonekana. Dakika arobaini hewani, na kiti cha mgeni kitupu. Mtangazaji akajaza nafasi kwa kilichomjia mdomoni.

"Mgeni wetu hajaja," alisema. "Mimi sisemi kitu, nauliza tu. Vidonge hivi ni vya bure. Tangu lini sisi tukapewa cha bure? Na huyu anayevijua, mbona anakikimbia kiti hiki?"

Simu zikaanza kuita, zikaita mpaka kipindi kikaisha.

Kesho yake asubuhi dada wa mitambo alichungulia studio. "Kaka, bwana afya yuko getini. Anaomba radhi, anasema jana pikipiki ilipata pancha."

"Mwambie leo kipindi kimejaa."

"Kimejaa nani? Kiti si hicho hapo?"

"Hicho hicho, dada. Jana kiliniletea simu ambazo sijazipata miaka tisa. Mlinzi asimfungulie."

Akawasha maiki. "Ndugu wasikilizaji, kiti bado kitupu. Wanaficha nini?"

Mnamwona? Jana hakujua. Leo anajua, na mtu mwenye jibu amesimama juani nje ya geti.

Kufikia wiki ya tatu hakuuliza tena, alijibu. Vidonge vinaua uzazi. Ugonjwa umeletwa na hao hao walioleta dawa. Vijijini watu wakamwaga maji yaliyotiwa dawa, wakawafukuza wagawaji kwa mawe. Na yeye nyumbani kwake? Alitia kidonge kwenye ndoo, akasubiri nusu saa, akanywa.

Halafu akasikia kwamba ugonjwa umefika kijijini kwa mama yake. Akampigia hapo hapo.

"Mama, umetia kidonge kwenye maji?"

"Nijitilie sumu kwa mkono wangu?"

"Si sumu, mama. Mimi mwenyewe natumia."

Mama akashusha sauti. "Baba, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Kama wamekushika, kohoa tu. Nitaelewa."

Alifunga safari siku hiyo hiyo. Akafika, akatia kidonge kwenye mtungi mbele ya mama yake, akasubiri, akanywa kikombe kizima. Mama alimtazama na machozi yakamtoka.

"Jamani, mwanangu," alisema. "Hata wewe wamekupata."

Akachukua ndoo yake, akaenda mtoni.

Siku ya nne walimzika. Mtangazaji alisimama pembeni ya kaburi, na nyuma yake akawasikia wanawake wawili wakinong'ona. "Si ugonjwa huo. Wamemmaliza mama ili mtoto anyamaze." Akageuka. Akataka kuwaambia mama yake alikufa kwa maji ya mto. Wakamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyetishwa, na mmoja akamshika mkono: "Usiseme kitu, baba. Sisi tunajua."

Wapendwa, msiseme sisi hatuna redio. Simu uliyonayo mfukoni ni nini? Ni mara ngapi tumesambaza jambo kwenye kundi la familia, tukaandika chini yake "nimetumiwa hivi hivi", kana kwamba maneno hayo yanatutoa lawamani? Ni mara ngapi tulijua nani ana jibu, tukaacha kumuuliza kwa sababu jibu lake lingeharibu utamu wa maneno?

Yule mtangazaji alipata toba. Alisema kweli, tena kwa machozi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwamini, maana aliwafundisha mwenyewe kwamba anayekanusha amenunuliwa.

Sasa sikilizeni. Wapo watu waliouchukua uongo kutoka mikononi mwetu kwa sababu wanatupenda: mama, shangazi, mdogo wako. Ukitoka hapa usisubiri kwanza ule. Mpigie. Mwambie, "Lile nililokutumia halikuwa kweli." Mpigie wakati sauti yako bado ni yako.