Kamba Fupi za Bwana Nassor

Mtu mmoja alikuwa na meli ya kubebea chumvi, na mtumishi wa kuitunza inapokuwa gatini. Mwenye meli aliitwa Nassor, mtumishi Vuai. Katika bandari ile maji hujaa na kupwa kwa kimo cha watu wawili, na meli hupanda na kushuka nayo, lakini gati halisogei. Kwa hiyo kazi ya Vuai ilikuwa kamba: maji yakipwa anazilegeza, yakijaa anazivuta. Kutwa mara kadhaa, liwe jua iwe mvua. Wachukuzi walimwita kigeugeu, eti hajui kama anafunga au anafungua. Yeye alikuwa akiyatazama maji.

Nassor alichoka kumwona akihangaika. Asubuhi moja ya bamvua, maji yamejaa pomoni, alileta kamba mpya nene kama mkono, akaifunga meli mwenyewe, fupi, kwa mafundo magumu. "Sasa kazi imekwisha," alisema. "Atakayezigusa hana kazi kwangu." Akaketi kwenye jamvi kivulini kunywa kahawa, ameridhika. Ni rahisi kumcheka, lakini wengi wetu tumekaa naye kwenye jamvi hilo hilo.

Maji yakaanza kupwa. Kufika adhuhuri kamba zilikuwa zimekaza hadi zinalia. Ubavu wa gatini ulining'inia, ubavu wa baharini ukainama karibu kunywa maji, na ndani mabaharia saba walikuwa wanakula. Mafundo hayakufunguka tena. Vuai akachukua shoka. Nassor akasimama mbele yake, akamkumbusha alichosema. Nyumbani kwa Vuai watu tisa walikula kwa kazi ile, na Vuai aliogopa. Asingeogopa angekuwa mpumbavu.

"Kazi ninyime, Bwana," alisema, "lakini watu saba sitawaacha wazame."

Akamzunguka, akakata kamba ya nyuma, kisha ya mbele. Meli ikashuka kwa kishindo, ikayumba, ikasimama wima. Nassor alimfukuza papo hapo, mbele za watu. Vuai aliwarushia mabaharia kamba za zamani, akaifunga meli upya, akaiachia nafasi ya kushukia, akamwonyesha mmoja wao namna ya kuzilegeza. Ndipo akaenda zake.

Nawauliza ninyi wenye nyumba, wenye watoto, mliokabidhiwa watu: mnawafunga wasipotee, au mnawafunga ili msisumbuke kuwatazama?