Nguchiro na Jiwe la Kuoshea Sufuria

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kuzika wafu wao kama sisi, palikuwa na ghuba ya ziwa yenye samaki wengi. Ukingoni mwa ghuba hiyo aliishi Nguchiro.

Alikuwa mdogo wa mwili, na mkewe alikuwa amefariki. Kila alasiri alishuka na sufuria yake mpaka kwenye jiwe bapa lililokuwa mbele ya mlango, akasugua ukoko wa ugali majini. Kwaru, kwaru, kwaru! Mkewe alikuwa akifanya hivyo hivyo, jiwe lile lile, saa ile ile. Nguchiro hakuacha.

"Jamani, mwanamume anaosha vyombo!" Kiboko alikuwa akimcheka. "Oa, bwana mdogo! Oa upumzike!"

"Sijachoka, Mzee," Nguchiro alijibu, akaendelea kusugua.

Sasa, kila mwaka wanyama wa ghuba walishindana kuvua. Unavua kwa ndoano, na samaki sharti afike kwenye mizani akiwa hai, kisha arudishwe majini. Halafu kulikuwa na sheria ya upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi: ukishaukita mahali, hapo ndipo pako. Huung'oi mpaka Korongo, mwamuzi, apige ukelele wa kumaliza. Mwenye samaki mzito kuliko wote ndiye aliyekuwa na neno la mwisho ghubani kwa mwaka mzima.

Mamba alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka huo alisimama mbele ya wote akasema, "Nikishinda, lile jiwe la Nguchiro nalichukua. Nataka pa kuotea jua. Na kile kibanda kilicho nyuma yake kibomolewe, kinanizibia upepo."

Nguchiro alirudi nyumbani, akanoa ndoano, akasokota mshipi mpya wa nyuzi nne. Asubuhi ya shindano alisonga ugali, akaacha ukoko mnene chini ya sufuria, akaipakia sufuria mtumbwini.

"Hawa wakubwa hawajui kutafuta samaki," alijiambia. "Wanajua kunifukuza mimi tu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika ghuba ile mdogo humpisha mkubwa. Kila mwaka Nguchiro alipopata mahali pazuri, kabla hajakita upondo, mkubwa mmoja alitokea, akamwondoa, akapachukua.

Korongo akapiga ukelele wa kuanza. "Kraaa!"

Nguchiro akapiga kasia moja kwa moja mpaka kwenye mafunjo, mahali penye maji mafupi na matope matupu. Akaanza kuimba. Akatia chambo. Akainua upondo juu, polepole sana.

"We! We! Ngoja hapo!" Kiboko alikuja akihema, amekalia mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Lakini nimetangulia mimi."

"Marahaba. Tangulia na kwingine basi!"

Kiboko akakita upondo. Chubwi! Tope likafumka, maji yakawa kama uji wa wimbi. Samaki wachache waliokuwamo wakatimka kuelekea upande wa mawe.

"Mmoja," Nguchiro alisema moyoni.

Mamba hakuwa mjinga kama Kiboko. Alikaa mbali, macho tu juu ya maji. Nguchiro akaondoka kimyakimya. Akatazama nyuma. Akajificha nyuma ya magugu. Akatazama nyuma tena, kisha akateleza mpaka kwenye kishimo kirefu chini ya jabali, penye kivuli na baridi, ambapo samaki hali kitu mchana kutwa.

"Ahaa!" Mamba akaibuka ubavuni pake. "Unanikimbia, eh? Ni hapa mkeo alipokuwa akivua?"

Nguchiro alifungua kinywa, akakifunga. Hakutaka kumwingiza mkewe katika uongo. Akainamisha kichwa, akatazama sakafu ya mtumbwi.

"Umenyamaza!" Mamba akacheka meno yote nje. "Basi ndipo hapa. Pisha!"

Upondo ukazama. Tubwi!

Nguchiro akageuza mtumbwi akarudi nyumbani kwake. Akakita upondo kando ya jiwe bapa, akafunga mshipi kwenye upondo, akatia chambo, akatupa ndoano. Kisha akaketi, akashika sufuria.

Kwaru, kwaru, kwaru!

"Mamba! Amekata tamaa!" Kiboko alipiga kelele kutoka mafunjoni. "Anaosha vyombo!"

"Aoe basi, amwoshee na mke wa pili!" Mamba akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka mitumbwi ikayumba.

Nguchiro alisugua. Samaki wa pale walikuwa wameijua sauti ile miaka na miaka. Dagaa wakaja kuokota ukoko. Wakaja furu, wakaja sato. Na nyuma yao, kimya, akaja aliyekuwa akiwala hao.

Vuuup! Mshipi ukakaza. Upondo ukapinda kama upinde.

Alikuwa sangara, mrefu kumshinda Nguchiro mara mbili. Alivuta kulia, alivuta kushoto. Nguchiro akakumbatia upondo kwa miguu yote minne, akang'ata mshipi.

"Vuta," alisema kwa meno yaliyoumana. "Vuta tu. Mimi hapa siondoki."

Jua lilisogea. Sangara akachoka kwanza.

Korongo akapiga ukelele wa mwisho. Kiboko alileta kambare aliyejaa tope. Mamba alileta mkono mtupu. Nguchiro alikuja akipiga kasia taratibu, sangara akielea ubavuni mwa mtumbwi, mzima, matamvua yakipumua. Mizani ikagonga chini. Ko!

"Hila!" Mamba alinguruma. "Umenidanganya!"

"Neno gani nililokuambia, Mzee?" Nguchiro aliuliza. "Upondo uliukita mwenyewe. Kwa mkono wako."

Korongo akamtazama Mamba, akamtazama na samaki. "Nguchiro ameshinda. Sema neno lako, mshindi."

"Kila mtu avue atakapo," Nguchiro alisema. "Jiwe langu liachwe."

Akamfungua sangara, akamwachia aende zake. Kisha akarudi nyumbani, maana sufuria ilikuwa haijatakata. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ikang'aa.

Nami ninayesimulia nimefika mlangoni pake, wanangu, na sipiti hapo. Lenu la kushika ni hili: amfukuzaye mnyonge kila anapokaa, mwisho humfukuzia kwenye riziki yake.