Mraba wa Tano wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kuazimana chumvi kama majirani wengine, palikuwa na bonde moja lenye chemchemi katikati. Nguchiro ndiye aliyelifyeka. Alilifyeka peke yake, mjane yule, watoto wakimlilia mgongoni, na maharage yake yalikuwa yameanza kuchipua.

Mara wakaja wakubwa wanne: Tembo, Kiboko, Nyati na Ngiri. Kishindo, puu, puu, puu! Wakasema bonde ni zuri na wao wataligawana. Mimi hapa hukasirika kila ninaposimulia, maana hata hodi hawakupiga.

Sasa sikilizeni desturi yao. Shamba lilichorwa kwanza chini kwa jivu, kila mraba ukapewa mwenyewe, kisha wote wakaliruka jivu lile. Ukisharuka, umekubali, na kubisha tena huwezi.

Tembo akapima kwa mkonga wake, akachora mraba mkubwa. Ndani yake akapitisha mistari miwili iliyokutana penye alama ya chemchemi. Kila mkubwa akasimama ndani ya mraba wake, akatabasamu.

"Na mimi?" Nguchiro akauliza.

"Wewe nenda kule kwenye mawe," Kiboko akamjibu. "Sisi wanne, miraba minne. Hesabu imekwisha."

Nguchiro akawatazama watoto wake. Kwenye mawe hakukuwa na tone la maji, na wadogo wale wasingeiona mvua nyingine. Moyo ulimuuma sana, lakini hakulia. Alikwisha kuamua kwamba haondoki. Akaukodolea macho mchoro ule, kisha akapiga magoti kwa adabu.

"Wazee wangu, sibishani nanyi. Naomba mraba wa tano tu."

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Kiboko akahesabu kwa sauti, kwenda na kurudi, akapata minne ile ile. Akasema kama uko wa tano, Nguchiro auchukue pamoja na vyote vilivyomo. Wenzake wakaitikia. Wakaruka jivu, puu, puu, puu, puu! Nguchiro akaruka wa mwisho, tii!

Kisha akaokota kijiti, akaanza kuufuata mstari wa nje. Ta, ta, ta, kona. Ta, ta, ta, kona. Akazunguka hivyo mpaka akarudi alikoanzia.

"Mzee Tembo, mpimaji ni wewe. Nilichozunguka ni nini?"

Tembo akapima upande kwa upande. Masikio yakamlegea.

"Ni mraba," akasema polepole. "Ni mraba, jamani, na sisi sote tumo ndani yake."

Nyati alipandwa na hasira. Akaufuta upande mmoja kwa kwato zake, akasema sasa hakuna tena mraba wa tano. Nguchiro hakusogea hata kidogo.

"Wangu umeufuta. Wako je?"

Nyati akainama kutazama. Mraba wake ulikuwa umebaki wazi upande mmoja. Wa Ngiri, aliyepakana naye, ulikuwa wazi vilevile, na Ngiri akaanza kumfokea. Mstari wa Nguchiro ndio uliokuwa mstari wao.

Hapo wakubwa wakainamisha vichwa, na mimi nafurahi walivyoviinamisha. Nguchiro angeweza kuwafukuza wote, lakini hakutaka kulala kila siku akiwa amezungukwa na maadui. Akafagia jivu, akachora upya. Safari hii alichora pembesita, kama chumba cha sega la nyuki, na kutoka penye chemchemi akavuta mstari hadi kila kona. Zikatokea pembetatu sita zilizo sawa, kila moja ikigusa maji. Nne akawapa wakubwa. Ile yenye maharage ikawa yake, na ya sita akawawekea watoto wake watakapokua.

Akawaambia waruke. Nyati akaruka, Ngiri akaruka, Tembo naye akaruka. Kiboko akabaki amesimama, anahesabu, anarudia, jasho linamtoka.

"Na hii kubwa ya nje," akauliza, "ni ya nani?"

"Sasa unajua kuhesabu," Nguchiro akasema. "Hiyo ni yetu sote. Ruka."

Kiboko akaruka.

Nami nimefika mwisho, wanangu: mkigawana kitu, hesabuni na kile kinachobeba vyote.