Kuta Zilizotoka Jasho

Bwana Salimini, muuza saruji, aliitamani nyumba kuukuu ya chokaa ya jirani yake, Bi Mwanatumu.

"Hama, bibi. Imeoza hiyo!"

"Tushindane, bwana. Kesho mashahidi wakague kuta zetu. Zitakazokutwa na maji, mwenyewe ahame."

"Nimekubali!"

"Tuwapikie pilau. Ila kwangu watu mia hawaenei."

"Waje kwangu! Na madirisha nitayafunga, wadoezi wasinuse."

Kesho yake masufuria manane yakachemka ndani kwa Salimini. Wageni wakala, wakacheka. Mara tone likamdondokea Salimini puani. Kuta zake za saruji zilikuwa zikitiririka!

Wakavuka kwa Bi Mwanatumu. Vyungu vyake vya pilau navyo vilifuka mvuke, lakini kuta zimekauka kau.

"Umezifanyaje kuta zangu?"

"Mimi? Pilau umepika wewe, madirisha umefunga wewe. Chokaa yangu inapumua, inapitisha mvuke, bwana; saruji yako inauzuia. Haya, nina chumba cha kupangisha. Kikavu!"