Somo Lililowakimbia Watoto

"Asiyemngoja mwanafunzi hufika peke yake." Mmeusikia msemo huu, wajukuu zangu, na mmetaka kujua chimbuko lake. Methali hii ilianza hivi.

Katika shule moja ya msingi huko Rungwe, vishikwambi vilipoletwa, Mwalimu Nsajigwa alijua zamu yake ya kung'ara imefika, maana hakuna aliyemzidi kwa kompyuta. Akatengeneza somo la nusu na robo lenye nyimbo, katuni na rangi za kila namna. Swali likitokea tu, jibu lilifuata mbio.

Mwalimu Atupele naye akatengeneza la kwake. Halikuwa na wimbo. Liliuliza, likanyamaza. Mtoto akikosea, lilimwonyesha andazi lililokatwa vipande, likamuuliza tena kwa njia nyingine. Watoto wa darasa la tano wakawa wanaligombania hilo.

Nsajigwa akaungua moyo. Kila alipomsikia mtoto akimshukuru Atupele, hata chai ya mapumziko aliiacha mezani. Mwisho akamwendea mwalimu mkuu, Mama Subilaga.

"Somo la Atupele linawachelewesha watoto," alisema. "Langu wanalimaliza upesi. Lile tulifute."

Mama Subilaga hakubisha. "Mlete mmoja aliyemaliza lako, afanye hesabu ubaoni."

Nsajigwa akamchagua binti yake mwenyewe, Tumpale. Mtoto akaimba wimbo wa somo wote bila kukosea. Lakini alipopewa chaki ajumlishe nusu na robo, alisimama akiutazama ubao. Baba yake akaanza kumnong'oneza jibu.

"Ngoja, baba," Tumpale alisema taratibu. "Hata kwenye kishikwambi unafanya hivyo hivyo. Nikianza kufikiri, wewe umeshamaliza."

Atupele, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Nsajigwa alitamani angecheka, apate sababu ya kumchukia.

Jioni alimfuata na kishikwambi mkononi. "Nionyeshe unavyowangoja," alisema, na maneno yalimtoka kwa shida.

Atupele akamsogezea kiti.

Wivu haukuisha siku ile. Aliketi nao hivyo hivyo, akajifunza. Nyimbo zake zikabaki, ila baada ya kila swali akaweka kimya cha kumtosha mtoto kufikiri. Na kila mwalimu kijana alipojisifu kwamba somo lake linakwisha haraka, Nsajigwa alimjibu kwa neno moja tu: asiyemngoja mwanafunzi hufika peke yake.