Jicho Lisilolia

Palikuwa na mtu mwenye nyumba isiyo na dirisha hata moja, na humo alipima macho ya kioo. Yalikuwa ya darubini ya kuzamishwa chini kabisa ya ziwa, jua lisikofika, yakangoje huko mmweko unaoachwa na nyutrino, vitu vidogo vipitavyo katikati ya mlima kana kwamba mlima haupo. Jicho likishazama halitolewi tena. Ndiyo maana lilipimwa.

Nyamizi alifanya kazi humo, mwanawe Sayi mgongoni. Jamani, siku zile! Giza lenye harufu ya mpira, wanawake wakifanya kazi kwa kupapasa, Nyamizi akimwimbia mwanawe kutwa nzima, na mashine iliyounganishwa na jicho ikilia tik, tik, kila jicho lilipodhani limeona mwanga, maana hata katika giza tupu jicho hulialia. Lenye kelele nyingi liliwekwa kando. Kadiri lilivyolia kidogo ndivyo lilivyosifiwa.

Siku moja likaja jicho lisilolia kabisa. Msimamizi, Bwana Kaseko, akafurahi, akasema hilo lishuke la kwanza. Akatania kwamba limemwiga Sayi, halisumbui mtu. Wote wakacheka, Nyamizi naye akacheka, sifa hiyo alishaizoea, mtaa mzima ulimwonea wivu kwa mtoto asiyeshtuka hata mlango ukibamizwa.

Lakini nyumba ile ilikuwa na desturi: jicho haliondoki kabla halijaonyeshwa mwanga mmoja, mdogo kama tundu la sindano. Nyamizi akauwasha. Jicho kimya. Akauongeza, akauongeza tena. Kimya. Kumbe halikuwa tulivu, lilikuwa kipofu.

Hapo Nyamizi akampapasa mtoto mgongoni. Akatoka mbio, akamkalisha mtoto juu ya kanga, akazunguka nyuma yake, akachukua mfuniko wa sufuria ya chai akaugonga kwa ufunguo, akagonga, akagonga kwa nguvu zote, hata wenzake wakatoka wakidhani kuna moto. Sayi aliendelea kuchezea ncha ya kanga.

"Nyimbo zote zile," Nyamizi akasema, "nilikuwa namwimbia nani?"

Jicho lilirudishwa sandukuni. Mtoto alirudi mgongoni, na kabla jua halijatua walikuwa kwa daktari.

Nanyi, huyo mtulivu wa nyumbani kwenu mnayemsifu mbele ya wageni, nani kati yenu amewahi kumwendea na kumwuliza ana nini?